Wanataka tuchore tunapovua kwenye tableti, tuchore au tunyamaze?

nahodha_wa_pate
Asalaam alaykum wanajamvi. Mimi navua upande wa Kizingitini, Lamu, kwa wavu wa jarife na mshipi, na kamba mawe ukifika msimu wake. BMU yetu, kile kikundi cha kusimamia ufuo wetu, imeambiwa kuna vijana wanakuja na tableti, kila nahodha achore kwa kidole pale anapovua, eti ni ramani ya matumizi ya bahari ndio mipango ya bahari ipangwe vizuri. Sasa huku wazee wamegawanyika. Kuna wanaosema mwamba wangu nimeachiwa na babangu, naupata kwa kupatanisha alama mbili za nchi kavu, leo niuweke hapo kila mtu auone? Wengine wanasema tusipochora itaandikwa pale hapana mtu. Aliyepitia hii kitu aniambie inakwendaje, na ubaya wake asinifiche.

mokowe_kwetu
Waalaykum salaam nahodha. Chora tu. Ukiangalia chati ya meli utaona kina, mkondo na miamba, hakuna chati inayoonyesha jarife la mtu. Bandari ya Lamu imekuja Manda Bay, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na kabla ya hapo watu walikuwa kortini miaka, mpaka Mahakama Kuu 2018 ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Sasa jiulize, siku ya fidia swali la kwanza si ni wewe ulikuwa ukivua wapi? Bora jibu liwe limeandikwa kabla ya mradi kuja kuliko kulitafuta baadaye na mawakili.

savei_na_bahari
Hizi savei nimezifanya, sio huko kwenu lakini kazi ni ile ile. Unachora maeneo yako halafu unapewa pointi, tuseme 100, uzigawe kulingana na umuhimu wa kila eneo kwako. Kompyuta inalaza michoro ya watu wote moja juu ya nyingine, panapokutana wengi rangi inakolea. Kinachotoka nje ni hiyo ramani ya rangi, sio mchoro wako peke yako. Inatakiwa iwe hivyo, kwa hiyo uliza kabla hujagusa kioo: mchoro wangu mbichi unakaa kwa nani, nani anaweza kuufungua? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumika kwa kazi gani, usione haya. Na mkiwa watatu tu mnaovua kitu fulani, hata mkichanganywa mtajulikana, hapo waambie hiyo wasiitoe hadharani.

Kingine, watu wakiogopa wanapiga duara moja kubwa kutoka Kiwayu mpaka Manda, yote yangu. Zile pointi zinatawanyika eneo lote, rangi inakuwa hafifu kama chai ya mkopo, na pale anapopategemea kweli hapaonekani. Na njia mashua inayopita sio mahali pa kuvua, ichore mbali na useme ni njia.

malindi_mkongwe
Mimi siko mwepesi hivyo. Huku Malindi hifadhi ya bahari ipo tangu 1968 na sijakutana na mzee anayesema aliulizwa mpaka upite wapi. Hiyo rangi iliyokolea inasomwa mara mbili jamani, mvuvi anasema hapa msiniguse, mtu wa hifadhi naye anasema hapa pana samaki wengi, tupafunge. Ramani ni moja. Sisemi msichore, nasema ulizeni nani atakaa mezani siku ramani inasomwa, na BMU ipewe nakala yake siku hiyo hiyo, sio muoneshwe kwenye projekta halafu laptopu ifungwe mle samosa muende nyumbani.

Halafu wanakuja mwezi gani? Wakija Julai upepo wa kusi umepamba moto watakuta vidau vimebana ndani ya mikondo, watachora hivyo. Kaskazi ikitulia watu wanatoka nje ya mwamba, na wale wa dago wanapiga kambi na kuondoka, hao hakuna atakayewakuta. Ramani ya msimu mmoja ni nusu ya ramani.

mama_karanga_amu
Samahanini kaka zangu, hapa kila mtu ni nahodha nahodha. Wale kina mama wanaotafuta pweza miambani maji ya bamvua yakitoka, hawana mashua na wengi hawamo kwenye kitabu cha BMU, je wao tableti itawafikia? Kuna na wakata mikoko, kuna sisi tunaongojea samaki pwani tukaange. Akija mtu na hoteli pale mashua zinapopaki mimi nitakuwa sijapoteza mahali pa kuvua, nitakuwa nimepoteza riziki tu, na hiyo haimo kwenye michoro yenu. Wasiwaite watu saa nne asubuhi kwenye ofisi, waje ufuoni maji yakiwa kupwa.

nahodha_wa_pate
Dada umesema kweli, huku pia wa pweza ni kina mama na hakuna aliyewataja. Naona nitachora ila nitawaambia warudi tena kaskazi, na hiyo nakala tuipate. Bado kitu kimoja, ule mwamba wa kamba mawe tunaujua mimi na ndugu zangu tu. Nao niuweke?

savei_na_bahari
Usiweke nukta. Uingize ndani ya eneo pana kidogo pamoja na miamba ya jirani, uupe pointi zake, inatosha kuonyesha pana mtu bila kumwelekeza mtu. Na kijana akikulazimisha uvute karibu zaidi, mwambie hapo ndio mwisho wangu, andika hivyo hivyo.