Nani kawadanganya kwamba seli ikiacha kugawanyika imekufa?

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Kila ukifunguliwa uzi wa uzee, hakosi mtu wa kuandika kwa kujiamini kabisa kwamba seli ya binadamu hugawanyika mara 50 halafu inakufa. Hajamaliza, kaja mwingine na vidonge vya "kurefusha telomia", yaani ncha za kromosomu, zile nyuzi za DNA ndani ya seli.

Haifi! Mimi kazi yangu ni kuotesha seli, naziona kwenye hadubini. Faibroblasti (seli za tishu unganishi) changa ni nyembamba, zimelala sambamba. Zikifika ukomo wa kugawanyika zinatanuka, zinakuwa bapa, zinang'ang'ania sakafu ya chupa hata miezi kadhaa, zinakula lishe na kumwaga kemikali zinazozisumbua seli jirani. Maiti gani anakula?

Na hiyo 50 mmeishika kama msahafu. Watafiti Hayflick na Moorhead mwaka 1961 walipata kati ya 40 na 60, tena kwa faibroblasti za vijusi. Kinachohesabiwa ni seli kuongezeka maradufu, sio mara ulizozihamishia chupa mpya. Ukigawa chupa moja kwenye nne na zote zikajaa, hapo zimeongezeka maradufu mara mbili, wewe unaandika moja!

Wengine mpaka leo wanalaumu lishe ya kwenye chupa kwamba ndiyo inayozikomesha. Hayflick alichanganya faibroblasti za kiume zilizokwisha gawanyika sana na za kike zilizo changa, chupa moja, lishe moja. Za kiume zikakoma, za kike zikaendelea. Hesabu imo ndani ya seli yenyewe.

Kila DNA inaponakiliwa, ncha ya kromosomu hainakiliwi yote, hivyo telomia inafupika. Ikifupika mno, seli inaiona kama DNA iliyokatika, protini p53 inaamka na mgawanyiko unasimamishwa. Hiyo ni breki, jamani. Ni kweli mwaka 1998 watafiti walizitia seli kimeng'enya cha telomerasi, kinachorefusha telomia, zikavuka ukomo wake. Lakini telomerasi hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na saratani nyingi sana ili zisikome kugawanyika. Sasa wewe unamuuzia mama wa watu kidonge, unamwambia kitailegeza breki hiyo mwili mzima, na saratani huitaji hata kwa neno moja?

Wasimamizi, matangazo yale yanafanya nini humu? Yafuteni. Na wewe muuzaji, hebu njoo hapa utueleze kidonge chako kinachaguaje seli ya kuigusa na ya kuiacha.