Naomba ushauri: msuli uliopoteza neva na volti ya utando

Wakuu, naandaa mada ya fiziolojia, nimekwama. Neva ikikatwa, ndani ya siku chache volti ya utando wa uzi wa msuli (tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli) husogea kutoka takriban milivolti -80 kuelekea -60, upitishaji wa kloridi hupungua, vipokezi vya asetilikolini (kemikali ambayo neva hutumia kuuamuru msuli) husambaa uzi mzima badala ya kubaki kwenye makutano ya neva na msuli, na nyuzi huanza kutetemeka zenyewe bila amri yoyote (hili linanishangaza hadi leo).

Chanzo ni msuli kukaa bila kazi, au kukosa kemikali za neva? Mwaka 1972 watafiti Lømo na Rosenthal walichochea kwa umeme msuli wa panya uliokatwa neva, usikivu kwa asetilikolini ukabanwa tena kwenye makutano hayo. Hoja hiyo inatosha kueleza volti pia? Mnaotumia mikroelektrodi (sindano nyembamba za kupima volti ndani ya seli), mngetenganishaje vyanzo hivi viwili?