Shingo kupinda baada ya kuanza haloperidoli: je, dawa iachwe?

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mdogo wangu ameanzishiwa haloperidoli kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, na siku ya pili shingo yake ilipinda upande mmoja, macho yakageuka juu na ulimi ukawa mzito. Hospitalini alichomwa sindano, akapata nafuu muda si mrefu. Wazazi wetu sasa wanataka dawa ziachwe kabisa, nami nahofia kwamba zikiachwa, sauti zitamrudia. Tufanyeje?

Jibu la kwanza
Pole sana, ndugu. Nauguza wagonjwa wa akili, na hali hiyo huiona hasa kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo za dawa au dozi inapopandishwa. Dawa huzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na sehemu ya ubongo inayoongoza misuli hupoteza uwiano wake. Inatisha, na koo likibana ni hatari, lakini hutulia haraka kwa biperideni au dawa za jamii yake. Msiziache wenyewe, daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia dawa.

Jibu la pili
Naafiki, ila kuna hali nyingine inayoletwa na dawa hizi, adimu lakini inayoua, ambayo familia lazima iijue. Mgonjwa akipata homa kali, mwili mzima ukakakamaa, akachanganyikiwa au akawa kimya, huku akitokwa jasho na moyo ukienda mbio, msimpe dozi inayofuata. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo pamoja na dawa zote anazotumia. Mara nyingi hutokea katika wiki mbili za kwanza. Misuli huharibika na kumwaga damuni protini inayoumiza figo, na ndiyo sababu mkojo unaweza kuwa wa kahawia. Kinachoniuma ni kwamba ukimya ule hudhaniwa kuwa ugonjwa wa akili umezidi, dozi ikaongezwa, wakati mgonjwa alihitaji dawa isimamishwe, apozwe mwili na kuongezewa maji. Mwambieni kila daktari atakayemwona kuhusu tukio la shingo, maana asiyelijua anaweza kurudia dozi ileile.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Daktari ametaja pia klozapini, endapo dawa nyingine zitashindwa. Je, ni salama zaidi?

Jibu la pili
Kwa upande wa misuli, ndiyo. Hatari yake iko kwenye damu: mwaka 1975 nchini Ufini wagonjwa 8 walifariki baada ya chembe nyeupe za damu kushuka mno, na tangu hapo matumizi yake yamefungamanishwa na vipimo vya damu, ambavyo miezi ya mwanzo hufanywa kila wiki. Akipata homa au vidonda vya koo, damu ipimwe siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua au kuhema katika wiki za kwanza huenda yakawa dalili ya uvimbe wa misuli ya moyo. Halafu kuna jambo ambalo watu hulionea aibu kulitaja: akikosa choo kwa siku kadhaa, mjulisheni daktari mapema, kwa sababu klozapini inaweza kusimamisha utumbo, na wapo waliofariki kwa hilo.