Mvua ya mwezi "juu ya wastani": Mto Simiyu utakuwaje, na pampu tuiweke wapi?

mpunga_Magu:
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinalima mboga na mpunga upande wa Magu, chini ya daraja la Simiyu kuelekea Ziwa Victoria. Taarifa ya mwezi ikitoa, tuseme, asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani na 20 chini ya wastani, hiyo ina maana mto utafurika? Tunataka kujua kama kitalu cha nyanya kikae bondeni, na pampu ya inchi 3 ikae umbali gani na maji.

KipimaMvua:
Salaam mkuu. Kwanza, hiyo 45 inahusu mvua. Haisemi kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45, wala kwamba kuna mafuriko. Kwa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), wastani ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Ikizidi 125 ndiyo juu ya wastani. Kwa hiyo kwa mfano wako bado kuna nafasi 55 kati ya 100 kwamba mvua haitafika huko juu. Na hata mwezi ukiishia juu ya wastani, siku 12 kavu katikati zinatosha kuua miche.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapopotea: mvua ileile haitoi maji yaleyale mtoni. Udongo wetu wa mbuga (mfinyanzi mweusi) hupasuka kiangazi. Milimita 50 za Oktoba huingia kwenye nyufa na mto hausogei. Udongo ukishalowa unavimba, nyufa zinaziba, na milimita 50 za Desemba zinateremka mtoni kwa wingi zaidi. Kwa hiyo taarifa ya mwezi isome pamoja na hali ya shamba: choma fimbo ardhini. Kama nyufa bado zinameza fimbo, hofu ya mafuriko ni ndogo kwa sasa. Kama maji yanatuama kwenye majaruba siku 2 baada ya mvua, chukulia kila mvua kubwa ijayo kuwa ni ya mtoni.

Tatu, angalia upande wa juu, mto unakotoka. Maji ya Simiyu na tawi lake la Duma yanatoka upande wa Maswa, Bariadi na Serengeti. Magu kunaweza kuwa jua kali na mto ukapanda usiku. Pateni namba ya mtu wa huko juu, na mfuate utabiri wa siku tano wenye rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Kwa kuamua leo na kesho, huo una faida kuliko taarifa ya mwezi.

mita_za_ujazo:
Naongeza upande wa ukame, maana watu wanauliza mafuriko tu. Januari na Februari, kati ya Vuli na Masika, mto hushuka haraka. Pimeni wenyewe. Chagueni sehemu iliyonyooka, mita 20. Pimeni upana, na kina sehemu tano kukatiza mto, mpate wastani. Tupeni chupa iliyojaa maji nusu, hesabuni sekunde, rudieni mara tatu. Mwendo wa juu zidisheni kwa 0.8, kwa sababu maji ya chini huenda polepole.

Mfano: upana mita 3, kina mita 0.1, chupa inachukua sekunde 100. Eneo ni 3 mara 0.1, yaani 0.3; mwendo ni 20 gawa kwa 100, yaani 0.2, mara 0.8 ni 0.16. Zidisha eneo kwa mwendo: mita za ujazo 0.048 kwa sekunde, sawa na lita 48. Pampu moja ya inchi 3 inavuta hadi lita 15 hivi kwa sekunde. Pampu tatu zikiwashwa pamoja, mkulima aliye chini yenu mtoni hapati kitu. Pangeni zamu kabla mto haujashuka hivyo, na kibali cha kutumia maji mkiombe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria mapema.

fundi_mabomba:
Pampu: kibao kikisema inavuta kutoka kina cha mita 8, hiyo ni usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,130 juu, hewa ni nyepesi, unapoteza kama mita 1.3 papo hapo, bado msuguano wa bomba. Panga isizidi mita 5 kutoka uso wa maji hadi pampu. Ndiyo maana huwezi kuipandisha juu kabisa ya kingo kukwepa mafuriko ukaiacha hapo mwaka mzima. Iwekeni kwenye fremu yenye magurudumu. Mto ukianza kubeba majani na kubadilika rangi, zimeni, fungueni bomba, vuteni juu. Msisubiri maji yaguse injini. Chujio likae juu ya mchanga kama sentimita 30, vinginevyo tope linakula impela (feni inayosukuma maji) na sili (mpira wa kuzuia kuvuja).

mpunga_Magu:
Asanteni sana. Na ziwa? Sisi tuko karibu na mdomo wa mto.

KipimaMvua:
Hapo mna hesabu mbili. Mto hupanda kwa saa, ziwa kwa miezi. Sentimita 1 ya ziwa zima ni kama mita za ujazo milioni 688, kwa hiyo halipandi kwa mvua moja, na likipanda halishuki upesi. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilifikisha kilele Mei 2020: mita 13.42 kwenye kipimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Ziwa likiwa juu, maji ya mto hayapati pa kwenda. Kwenye ardhi inayoshuka mita 1 kila kilomita 2, ziwa likipanda mita 1 linarudi nyuma kilomita 2 mtoni, na mafuriko ya kawaida yanakaa wiki badala ya siku.

Kitalu msikiweke bondeni kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za kingo, na kwa mahali penu hata hizo hazitoshi. Tafuteni alama ya maji kwenye miti na nguzo, kitalu kikae juu yake. Bondeni, nje ya hizo mita 60, pandeni mpunga. Nyanya zishuke baada ya Masika, udongo ukiwa bado na unyevu.