Kondo la nyuma limeziba njia, wiki ya 29. Mliopitia naombeni uzoefu

mamaK_nkuhungu

Habari za saa hizi wapendwa. Niko Dodoma mjini huku Nkuhungu, mimba ya pili, wiki ya 29. Wiki iliyopita usiku nimeamka nataka kwenda chooni nikahisi maji ya moto yanashuka miguuni, nikajua chupa imepasuka, kuwasha taa ni damu jamani, nyekundu mbichi, khanga yote imelowa na tumbo haliumi hata kidogo. Tukachukua bajaji mpaka hospitali wakanilaza siku tatu ikakata yenyewe. Altrasaundi inaonyesha kondo la nyuma limekaa chini limefunika mlango wote wa kizazi. Na ile ya miezi mitano waliniambia liko chini kidogo "litapanda tu", sikupangiwa kurudia kupima na mimi sikuuliza, inaniuma sana hiyo.

Mtoto wa kwanza nilizaa kwa operesheni 2021. Sasa nimerudishwa nyumbani, nipumzike, nisibebe ndoo, nisikutane na mume. Tatizo mume wangu ni wa biashara ya mahindi Kibaigwa kuna siku analala huko huko, nabaki na mtoto tu. Mama mkwe yuko kijijini Mpwapwa, ndani huko, anataka niende anilee mpaka nijifungue, na anasema kuna bibi anajua kukanda tumbo kondo likapanda. Ananipenda kweli sio mtu mbaya, ndo maana nashindwa kumkatalia.

Hivi kwa wiki hizi bado linaweza kupanda? Na nyie mliishije, maana mimi usingizi hauji, kila nikienda haja ndogo naanza kuangalia chupi kwanza.

chausiku_wa_kigwe

Mbukwenyi. Pole mdogo wangu, niliposoma hapo kwenye "tumbo haliumi" nimesisimka maana na yangu ilianza hivyo hivyo.

Ilikuwa 2019 naishi Kigwe. Wiki ya 31 nimekaa kwenye kigoda nachambua mlenda, kunyanyuka kigoda chekundu. Nikalazwa mjini, nikatulia, nikaruhusiwa, na mimi nikafanya kosa ambalo wewe unataka kulifanya sasa hivi, nikarudi kijijini kwa sababu nilijisikia mzima. Hiyo ndo hali ya huu ugonjwa, hauumi, unafua unapika unajiona mzima kabisa. Wiki ya 33 saa tisa usiku ikaja ya pili, hiyo sasa haikuwa ya kulowesha khanga, ilikuwa inatiririka naisikia ikidondoka sakafuni. Gari hakuna, nikapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dreva na dada yangu, khanga tatu zimekunjwa katikati ya mapaja, barabara ya vumbi, kila shimo nahisi inatoka tena.

Tukafika kituo cha karibu, sikitaji. Mhudumu alikuwa peke yake zamu ya usiku, kashavaa glavu ananiambia panda kitandani nikupime njia imefunguka kiasi gani. Sikuwa na nguvu ya kuongea ila nilimshika mkono nikamwambia dada usiingize kidole, kondo liko chini, soma kadi. Dokta wa mjini alikuwa ameandika kwenye kadi ya kliniki kwa peni nyekundu herufi kubwa ASIPIMWE NJIA. Yule dada kusoma akavua glavu palepale akanitundikia dripu akaita gari. Mpaka leo ile kadi ninayo. Kwa hiyo la kwanza kabisa, wakuandikie kwenye kadi yako hivyo hivyo, na kila atakayekaa na wewe alijue hilo neno, kwa sababu siku hiyo unaweza usiwe na mdomo wa kusema.

Nilifanyiwa operesheni asubuhi ile ile, nikaongezewa damu chupa nne. Mwanangu alizaliwa njiti kilo moja na nane, nikakaa naye kifuani kwa kangaruu siku 16, mgongo wake nausikia kwenye ngozi yangu umejaa malaika kama kifaranga. Leo yuko shule.

Mpwapwa kijijini usiende. Mama mkwe aje yeye kwako. Tena kama Nkuhungu usiku usafiri unasumbua, muda ukikaribia tafuta chumba jirani na hospitali au uliza wodi ya mama ngojea.

neema_ilazo

Mi yangu ilipanda. Wiki ya 20 walisema liko chini, wiki ya 32 likawa limeshasogea mbali na nikazaa kawaida. Ila dada sikudanganyi, yangu ilikuwa pembeni tu haikufunika mlango na sikutoka hata tone la damu, kwa hiyo usinipigie mimi hesabu.

mkunga_mstaafu

Neema kasema vizuri. Niongeze kidogo maana nimekaa leba miaka mingi.

Kondo halitembei. Linakuwa limeshikia pale pale, ila mfuko wa uzazi ukikua sehemu ya chini inavutika na kondo linajikuta mbali na mlango. Ndo maana wengi wanaoambiwa liko chini kwenye miezi mitano mwishoni linakuwa salama. Kwako wewe limefunika mlango wote, una wiki 29 na umeshatoka damu, uwezekano upo ila ni mdogo, jipange kwa operesheni, ukipata unafuu mshukuru Mungu. Rudia altrasaundi wiki ya 32, na 36 kama utafika umetulia. Mara nyingi operesheni inapangwa wiki ya 36 mpaka 37, haisubiriwi uchungu. Damu ikija mapema utachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, usizikatae.

Bibi wa kukanda hapana kabisa. Kukandwa tumbo kunaweza kubandua kondo.

Na hili halijasemwa na mtu hapo juu: una kovu la operesheni. Kondo likikaa chini juu ya kovu linaweza kuota mizizi likang'ang'ania kwenye nyama ya mfuko, likagoma kutoka. Muulize dokta kwa mdomo wako "limekaa kwenye kovu langu?" Ikiwa ndiyo, basi uzalie hospitali kubwa yenye mabingwa na damu ya kutosha, hapo Dodoma una bahati General ipo na Benjamin Mkapa ipo. Ujue na grupu lako la damu, kama ni negativu kuna sindano yake kila ukitoka damu. Vidonge vya damu meza kila siku na usivishushie chai, chai inazuia.

Ikitokea usiku piga 115, ni bure, ndo ile m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Usisubiri kuona kama itakata.

baba_wawili_dom

Naomba niongee na shemeji wa Kibaigwa kama atasoma hapa. Mke wangu alipitia hii. Kaka, damu haiuzwi lakini siku hiyo inaweza ikawa haipo. Mimi niliongea na washkaji wa kijiweni mapema, sita wakaenda kuchangia, na namba zao nikambandikia mke wangu ukutani pembeni ya kitanda. Wewe pia jua grupu lako. Na la mama, mpigie wewe. Akisikia kwa mwanae ni tofauti na kusikia kwa mkwe, huyo dada hatakiwi kubeba na huo mzigo.

mamaK_nkuhungu

Nimesoma yote nimelia. Mume nimempa simu kasoma mwenyewe, jana jioni kampigia mama yake wameongea kama nusu saa, mwanzo mama alikuwa mkali halafu akanyamaza, akauliza "kwa hiyo damu zinaweza zikamwisha?" akaambiwa ndiyo. Anakuja yeye Alhamisi, anabeba unga wa uwele na mlenda mkavu. Kliniki nimeandikiwa ile ya kadi, na nimeuliza habari ya kovu, wamenipa rufaa kwa bingwa Jumatatu.

Swali la mwisho, mlikuwa mnalala upande gani?

chausiku_wa_kigwe

Ubavu wa kushoto mama, mto katikati ya magoti. Jumatatu ukitoka kwa bingwa tuambie amesemaje.