Monopodi imara kwa lenzi ya 150-600: nichukue ipi?

Kasuku_Entebbe

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa mlioko huku Uganda mnaojua matope na vumbi letu.

Napiga picha za ndege na mechi za mpira za shule. Kamera ni Canon 90D, lenzi ni Sigma 150-600, ile nyepesi ya Contemporary. Nikivuta hadi milimita 600 mikono imeshachoka na picha inacheza. Nina monopodi (nguzo ya mguu mmoja ya kushikilia kamera) niliyonunua mjini Kampala. Boksi linasema inabeba kilo 5, lakini nikiweka kamera tu inateremka yenyewe taratibu, na kichwa chake cha gololi kinainama mbele hata nikikaza mpaka vidole viume. Nilirudi dukani nikaambiwa "ni mpya hiyo, itazoea". Izoee nini sasa?

Bajeti ni laki nne, nikijikamua laki sita. Sina gari, natembea kwa boda na taksi. Maswali yangu: alumini au kaboni? Vifungio vya kuzungusha au vya klipu? Na je, itanifaa kwenye mtumbwi kule kinamasi cha Mabamba kwa ndege korongo-nyangumi (shoebill)? Mwisho wa mwaka nataka pia kwenda msitu wa Bwindi.

Mzee_wa_Lenzi

Karibu kijana. Achana kwanza na hizo kilo za kwenye boksi. 90D ni gramu 701 na betri yake, Sigma yako ni kilo 1.93. Jumla kilo 2.6 na ushei. Kwa hesabu ya boksi ungekuwa na nafasi ya kuongeza lenzi nyingine juu, na bado inateremka. Kila kiwanda kinapima kwa namna yake, na wengine sidhani kama wanapima kabisa. Mimi huchukua uzito wa vyombo vyangu, nazidisha mara mbili, halafu naenda kujaribu kwa mkono.

Kinachoyumba si bomba la juu unaloliona zuri dukani. Ni pingili ya mwisho ya chini, ile nyembamba, pamoja na viungio. Kila pingili inayoongezwa ni kiungio kimoja zaidi cha kulegea na bomba moja jembamba zaidi. Ndiyo maana monopodi ya pingili 3 au 4 husimama vizuri kuliko ya 6, hata bei ikilingana. Na ukitumia, fungua kwanza mabomba manene ya juu, ile nyembamba iwe ya mwisho, au usiifungue kabisa kama urefu unatosha.

Ukifika dukani ifungue yote, kaza vifungio kwa nguvu za kawaida tu, simamisha mguu sakafuni, weka viganja viwili juu na ukandamize kwa uzito wa kifua. Ikishuka hata kidogo, mrudishie. Kisha shika juu na chini ujaribu kuizungusha kama unakamua nguo. Mabomba yasigeuke ndani ya mwenzake. Ukiruhusiwa, funga kamera yako, nenda 600, washa kioo cha nyuma, kuza picha mara 10, halafu gonga bomba kwa kidole. Tazama mtikisiko unachukua muda gani kutulia. Hapo utaona tofauti ya vitu viwili ambavyo kwenye karatasi vinafanana.

Sasa kichwa. Hicho cha gololi kitoe. Fikiria unahitaji kufanya nini: kwenda kushoto na kulia, unazungusha monopodi yenyewe. Kugeuza kamera iwe wima, lenzi yako ina pete yenye kiguu, legeza pete ugeuze. Kuinamisha pembeni kidogo, unaegemea. Kinachobaki ni juu na chini peke yake. Kwa hiyo unahitaji kichwa cha bawaba, kinachokunja upande mmoja tu. Gololi inakunja pande zote, na lenzi ndefu ikishapata mwanya itaanguka na pua chini, na vidole vyako viko katikati.

Pingili_Tatu

Naunga mkono mzee. Kwa mpira hata kichwa huhitaji. Funga kiguu cha lenzi moja kwa moja kwenye skrubu ya monopodi, mpira uko mbele yako uwanjani, hauko angani. Monopodi nyingi zina skrubu ya kugeuza, upande mmoja robo inchi, upande wa pili tatu kwa nane. Angalia kiguu chako kina tundu gani kabla hujalipa.

Nubi_Bombo

Klipu. Bila mjadala. Unaona kwa macho kama imefunga au haijafunga. Ikilegea, ufunguo mdogo wa pembe sita, unakaza bolti, maisha yanaendelea.

Mzee_wa_Lenzi

Mjadala upo, Nubi. Klipu zinanasa kwenye majani na kwenye kamba ya begi. Za kuzungusha ni laini, na nzuri hufunguka zote kwa mzunguko mmoja wa kiganja. Ila ni kweli vumbi jekundu la barabara ya murram likiingia zinakwaruza. Unafungua, unasuuza kwa maji safi, unaanika, unarudisha. Ukiwa mvivu wa kuosha, fuata ushauri wa Nubi.

Nubi_Bombo

Mimi mvivu, nakubali 😂

Dada_wa_Kwanjula

Mimi ni wa video, harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa). Nimeona watu wanashauriana zile monopodi zenye vijiguu vitatu chini, na Kasuku anaweza kuvutiwa nazo. Kwa video ni nzuri sana, unageuza kamera kwa ulaini. Lakini vile vijiguu si tripodi! Usiiachie mkono hata ukitaka kujibu simu. Ndani ya hema watoto wanakimbia, shangazi anapita na zawadi kichwani, gomesi (gauni lake refu) inapiga bomba, kamera chini. Kwa ndege na lenzi ya kilo mbili sioni faida yake, ni uzito wa bure na kiungio kingine cha kulegea. Chukua mguu wa raba wa kawaida, na kama kuna ncha ya chuma ndani ya raba, bora zaidi kwa matope.

Kasuku_Entebbe

Asante sana wazee wangu na dada. Sasa nimeelewa kwa nini kichwa kilikuwa kinanisumbua. Vipi kaboni? Na hayo ya mtumbwi?

Mwongozaji_Magharibi

Ndugu Kasuku, kazi yangu ni kutembeza wageni, nimeona monopodi za kila rangi.

Mabamba kwanza. Korongo-nyangumi ni mpole kwa mpiga picha, anasimama pale pale muda mrefu akisubiri kambare-mamba. Wengi wanadhani basi wapunguze kasi ya shata. Ndege katulia, lakini wewe hujatulia. Mtumbwi unayumba, mwenzako anageuka kuchukua maji, mwendeshaji anasogeza pondo. Monopodi haiwezi kutibu hilo, kwa sababu sakafu inayoikanyaga ndiyo inayotembea. Baki kwenye 1/1000 ya sekunde au karibu na hapo, piga tatu nne kwa mfululizo. Na kama kuna injini inanguruma, usiweke mguu wa monopodi kwenye sakafu ya boti, mtetemo wote unapanda hadi kwenye kamera. Hata kwenye boti kubwa za mfereji wa Kazinga ni hivyo hivyo.

Kwenye boti na kwenye dirisha la gari mimi natumia mfuko. Mpe fundi akushonee wa turubai ngumu yenye zipu, uende nao mtupu, ukifika nunua maharage sokoni ujaze. Kuondoka, maharage unamwachia mwenyeji wako au unapika. Unalaza lenzi juu, inazama kidogo na kutulia.

Bwindi ni habari nyingine. Mkiwafikia sokwe (gorila) mnakaa nao saa moja tu, flashi hairuhusiwi, na msituni kuna giza. Wako karibu. Sigma yako kwa 600 inafunguka mwisho f/6.3, yaani inaingiza mwanga kidogo, utahangaika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) huku sokwe amejaa kwenye fremu sikio peke yake. Kama una lenzi fupi yenye mwanga, ndiyo ya kubeba. Monopodi beba, lakini usiifanye mkongojo. Watu wanapenda kusema inafanya kazi mbili. Kwenye mteremko wenye utelezi unaitupia uzito wote kwa pembeni, na bomba halikutengenezwa kwa hilo. Chukua fimbo ya mti pale mnapoanzia, kodi mbebaji, monopodi ikae kwenye begi hadi mfike.

Pingili_Tatu

Kuhusu kaboni: ni nyepesi na hutuliza mtetemo haraka kidogo, na asubuhi ya baridi huko Kigezi haikugandishi kiganja. Lakini kwa laki sita nachukua alumini nene kuliko kaboni nyembamba. Alumini ikigongwa inabonyea, kaboni ikipigwa vibaya inapasuka.

Mzee_wa_Lenzi

Sahihi. Na urefu usiusahau, Kasuku. Usipime hadi machoni ukiwa umesimama wima na kuridhika. Ndege akiwa juu ya mti, kamera inainama nyuma na kitazamio kinashuka chini ya jicho lako. Unataka kama sentimita kumi na tano za ziada, la sivyo utapiga magoti siku nzima.

Jambo jingine: monopodi haigandishi mchezaji anayekimbia. Kwenye mechi bado unahitaji 1/800 na kupanda. Pale inakupumzishia mikono tu, na hilo si dogo dakika ya 80. Faida ya picha kali utaiona kwa ndege aliyetua: badala ya 1/1000 unaweza kushuka hadi 1/250, hata chini zaidi ukiwa na pumzi nzuri. Kidhibiti mtikisiko cha lenzi acha kimewaka, weka namba 2 ukiwa unafuata kitu kinachopita. Tanua miguu yako, mguu wa monopodi mbele, egemea kidogo, mkono wa kushoto uwe juu ya lenzi unaikandamiza chini.

Kasuku_Entebbe

Nimepata mbili za mkononi, zote alumini. Moja Manfrotto ya pingili 3 yenye klipu, nyingine Benro ya pingili 4 ya kuzungusha. Vichwa nitatafuta baadaye, kuna anayeuza Manfrotto 234 na mwingine Sirui L-10.

Mzee_wa_Lenzi

Kichwa chukua Sirui, 234 ni ndogo kwa lenzi hiyo. Miguu kaijaribu yote miwili kwa kifua kama nilivyosema, na kamera yako ikiwa juu. Bomba la chini la ipi ni nene zaidi?

Kasuku_Entebbe

Ya pingili 3. Ila ikikunjwa bado ni ndefu, inatoka juu ya begi.

Nubi_Bombo

Ichukue. Kwenye boda ilaze mapajani, isisimame mgongoni usije ukamvua mtu kofia pale Clock Tower, Kampala.

Kasuku_Entebbe

Haya, Jumamosi naenda na kamera begani. Mwenye duka akikataa nisiikandamize?

Mzee_wa_Lenzi

Basi usinunue kwake.