Naomba ushauri: mtoto anasemea puani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mwanangu wa miaka 5 alizaliwa na mpasuko wa kaakaa, akashonwa akiwa na mwaka na nusu. Maziwa hayatoki tena puani, alhamdulillah, lakini sauti bado yapitia huko. Maalim wake wa chuo cha Qur'ani ndiye aliyenishtua: kila "ba" yatoka "mim", ghunna (sauti ya puani katika kusoma Qur'ani) hata pasipo ghunna!

Daktari alinieleza kuwa kuna msuli uitwao levata veli palatini, mmoja kila upande, inakutana katikati na kunyanyua kaakaa laini (sehemu ya nyuma ya kaakaa) ili njia ya pua izibwe tunaposema. Kwenye mpasuko haikutani. Msuli mwenzake wa kaakaa, uitwao tensa, hufungua mrija wa sikio tunapomeza. Labda ndiyo maana masikio yake hujaa maji, namwita mara tatu hasikii (nami nikidhani ni ukaidi, nikimgombeza, Mungu anisamehe).

Bibi yake ataka apulize maputo kutwa. Yanasaidia kweli, au nitafute mtaalamu wa matamshi? Mliorudia upasuaji, mlikwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au mpaka Dar? Na masikio yapimwe kwanza?